Chuo Kimemjibu Devota

Alhamisi, Kasulu

Na huu mdomo wangu jamani! Devota aliniachia simu sokoni nimchajishie. Mara ikalia, nikaona chuo chake cha ualimu, kile cha kusomea kwa masafa ukiwa nyumbani, kimeandika: "Tumepokea ujumbe wako. Asante." Tangu mwezi uliopita mwanangu anawaandikia wamtumie namba ya mtihani, wako kimya. Basi nikapiga vigelegele soko zima likageuka. "Wamemjibu! Huyo mwalimu huyo!" Mama Jeni wa meza ya jirani akanipa na ndizi za pongezi.

Jioni Devota kasoma.

"Mama, hiyo ni mashine. Kila anayeandika inamjibu hivyohivyo."

"Mashine inasema asante?"

"Inasema, Mama. Namba haijaja."

Mtihani ni Jumatatu, na bila namba mlangoni hapiti. Akiukosa, mwaka mzima umepotea. Ukiwapigia, inaita mpaka inakata.

Ndizi ziko mezani, hakuna aliyegusa. Devota anawaandikia tena. Nimemwambia leo aanze kwa kuwasalimia vizuri, aulizie na watoto wao, labda wataona haya... Hata hakucheka.

Ametuma sasa hivi, na simu ikalia palepale. Kaigeuza kifudifudi bila kusoma.