Korosho Zilizokwenda Kuona Bahari

Jumapili, 24 Desemba 2023

Evarist katangaza baada ya chai: keshokutwa, Boxing Day, tunakwenda Lindi kuona bahari! Miaka kumi na moja ya ndoa. Aliniahidi bahari siku ya kujitambulisha, mbele ya wajomba zangu wote. Tangu hapo mara palizi, mara kupulizia mikorosho salfa, mara msiba. Nimefika Nachingwea, nimefika mpaka Dodoma na kwaya, lakini baharini sijatia hata kidole. Nimefua gauni la njano. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumatatu, 25 Desemba – Krismasi

Misa ndefu, mahubiri marefu zaidi. Mama mkwe amefika kutoka Mandawa kwa bodaboda mbili: moja kapanda yeye, nyingine zimepanda korosho. Magunia mawili! Ndizo za mwisho za msimu. Juzi ghalani wamezirudisha, hazijakauka, na mwisho wa kupokea ni Alhamisi.

Evarist kamwomba aziache kwa jirani yetu Agapiti, aanike yeye. Mama kauliza Agapiti yupi – yule aliyeacha ufuta wake ukanyeshewa huku anatazama mpira? Zitakwenda na sisi. Kwani jua la Lindi si jua?

Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikajifanya nakohoa.

Jumanne, 26 Desemba – ndani ya gari

Noah ya kukodi, dereva Nurdini. Magunia yamekaa siti ya kati na yamefungwa mkanda, amri ya Mama. Mimi na Rahel wangu, miaka minane, tumebanwa nyuma na turubai. Mvua. Jua. Mvua tena. Kila wingu likitokea Mama anamtazama Nurdini kama ndiye kalileta.

Saa nne, Lindi

Bahari haipo!

Mchanga na tope tu, na mbali kabisa kamstari kanang'aa. Rahel kauliza kama wameifunga kwa sababu ya sikukuu. Nurdini, ambaye njia nzima alisema anaijua Lindi nje ndani, kasema labda ni kiangazi. Kiangazi gani, na tumenyeshewa toka Ruangwa? Evarist hakuniangalia usoni. Nikasema haidhuru, nitaifuata hukohuko. Nikavua viatu.

"Mama Rahel! Jua hilo! Njoo tuanike!"

Huku juu, Mama kasema, kuna vivuli vya miti na vijana wa mpira. Kule chini ndiko peupe, pametandazika, pagumu, hapana hata kuku wa kuparua. Anashangaa watu wa Lindi wameachaje uwanja mzuri hivyo bure. Tukabeba, tukatandika turubai, tukaanika. Dakika kumi, mvua. Tukaanua mbio. Jua. Tukaanika. Mvua. Tukaanua! Familia moja ikaja kupiga picha na korosho zetu. Evarist akatabasamu nao, sijui kwa nini.

Mara ya tatu tunaanika, akapita mwanamke wa hapa na ndoo ya chaza kichwani. Akauliza tutaanua saa ngapi. Mama akamjibu, jua likizama. Yule mwanamke alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Kaokota chaza zake, kaenda zake bado anacheka. Mama kanuna: watu wa pwani hawana adabu.

Saa saba mchana

Jua kali hatimaye. Wamekula pilau la jana, wamelala garini wote, na Nurdini pia. Mama kasema korosho haziachwi peke yake, na mwenye macho mazuri ni mimi. Nimekaa ukingoni mwa turubai, naandika. Nimelia kidogo. Gauni la njano lote limejaa vumbi la korosho.

Ule mstari umesogea.

Hapana, ni macho yangu.

Umesogea! Unakuja wenyewe, taratibu. Kumbe bahari inaondoka na kurudi! Sasa najua yule mwanamke alicheka nini.

Hatua ishirini. Nikiita watakuja mbio, tutaanua, Mama atasema twende nyumbani kabla haijatufuata, na Evarist ataniambia mwakani. Najua sauti atakayotumia. Nisipoita – ni jasho la Mama la mwaka mzima hili. Kapalilia mwenyewe, kaokota mwenyewe, na mgongo ule. Si mtu mbaya.

Hatua tano.

Imefika. Imenigusa kidole gumba. Ni ya uvuguvugu! Siku zote nilidhani bahari ni baridi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Korosho mbili zimeelea. Zinazoelea ni mbovu, hata Mama anajua hilo. Nitaita. Naita sasa hivi. Ngoja kwanza iguse na mguu wa pili.