Neno Nililoliandika Kwenye Fomu ya Nafula

Kitale, Jumanne. Mvua imenyesha tangu saa nane, na mahindi niliyoanika uani yamelowa. Sijali. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena.

Dadangu mdogo, Nafula, ana saratani ya kongosho. Wiki iliyopita nilikwenda Bungoma kumjazia fomu, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa ukoo. Daktari alitueleza kwamba dawa za kuamsha kinga ya mwili huwafaa wachache tu wenye ugonjwa huu, mara nyingi wale ambao saratani imeandama ukoo wao. Akili unde, mashine yao ya kompyuta, ingepitia picha zake, majibu ya damu na historia ya jamaa, kisha imshauri daktari kama Nafula apewe haraka kipimo cha kuwatambua wachache hao.

“Mzee, hii mashine haijui nyumba yenu,” alisema. “Inajua tu chenye tumeiambia.”

Palipoulizwa kama kuna jamaa aliyewahi kuugua saratani, niliandika kwa mwandiko safi: Hakuna.

Nilidanganya.

Mama alikufa kwa saratani ya utumbo. Mjomba vilevile. Lakini kwetu Kabuchai tulisema mama alilishwa sumu matangani na jirani yetu, mamake Wekesa. Hatukula tena kwake, wala hatukumsalimia. Karatasi ya hospitali niliisoma mimi peke yangu, nikaikunja, nikanyamaza. Kuandika “saratani” kungekuwa kukiri kwamba tulimwonea mamake Wekesa hadi siku alipozikwa.

Leo adhuhuri nimempigia Nafula simu, nikamweleza yote. Alicheka kwa sauti iliyokonda.

“Mwalimu! Si wewe ulinichapa darasani juu ya nukta? Sasa mimi nikufe ndio wewe usiaibike?”

Nilikwenda kabatini nikaitoa karatasi ya mama.

Nilimpigia daktari pia. Ushauri wa mashine umeshatoka: kipimo kile si cha haraka kwake. Nikimpelekea karatasi, ataiuliza mashine upya, kisha alipime jibu hilo yeye mwenyewe. Hakuniahidi zaidi ya hapo.

Maisha yangu yote nimesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu.

Karatasi ya mama imo mfukoni mwa koti. Nimeigusa mara tano tangu nianze kuandika haya. Kwa Wekesa nitabisha hodi nikirudi, na anifukuze akitaka. Kwanza Bungoma. Daktari atanikuta mlangoni.