Supu Iliyopanda Ghorofa Tisa

Dada yangu,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umesimama, na najua umesimama, tafadhali geuza ndoo ukae, kwa maana ni ndefu na mwisho wake si wa kusomea mbele ya wateja. Magoti yako yanaendeleaje? Mwanao aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kuinama, nawe ukamjibu aje basi akuinamie yeye kwenye majiko. Nilicheka peke yangu korido nzima. Lakini msikilize, dada. Magoti hayauzwi dukani. Msalimie shemeji, na watoto wote, na yule jirani wa kibanda cha pili anayekuchungulia kila ukifunua chungu. Usinijibu matusi, nakuuliza tu kama yu mzima.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na safari hii nataka nimalize.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Vidole vimepasuka kwa sabuni, na mgongo hulalamika nikilala na nikiamka. Chumba chetu kiko chini kabisa melini, hakina dirisha. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja ni mfua mashuka, tunamwita Mluzi kwa sababu hupiga mluzi hata usingizini. Yeye amekata picha ya dirisha gazetini akaibandika ukutani, na kila asubuhi huitazama akanitangazia kwamba hali ya hewa leo ni nzuri. Mwezi wa tatu sasa, haijanyesha hata mara moja.

Uliwahi kuniuliza hawa watu wa kwenye meli wanakwenda wapi. Dada, hawaendi popote. Wanapanda bandarini, wanazunguka baharini siku kumi, wanashuka palepale walipopandia, wamenenepa tu. Wakati mwingine meli hutia nanga wakashuka kununua kofia, kisha hurudi mbio wasikose chakula cha mchana. Kuna kumbi nane za kula. Kuna moja isiyofungwa, mtu huchota anachotaka na kurudi mara anazotaka, na nimeambiwa wapo wanaokula chakula cha jioni mara mbili, kwanza katika ukumbi wa kuvaa suti, halafu katika ukumbi wa kuvaa kaptura. Kuna samaki aliyechongwa kwa barafu ambaye haliwi, anatazamwa mpaka anayeyuka. Watu hupiga picha sahani zao kabla hawajala, na wengine wakishapiga picha huwa wameshiba.

Haya yote nayajua kutokana na sahani na masimulizi ya wahudumu, siyo kwa macho. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kupokea sahani zinazoteremka kutoka juu, kuzikwangua na kuziingiza kwenye mashine. Mwaka wa pili huu nimesimama palepale, na nimejifunza kuzisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu shuleni. Mhudumu anapomuuliza mgeni chakula kilikuwaje, mgeni hujibu kilikuwa kizuri sana. Mdomo una adabu, sahani haina. Najua nyama iliyofichwa chini ya jani la saladi. Najua mtu aliyekula kwa hasira. Najua meza ya watu wawili waliogombana, kwa sababu sahani zote mbili huja zimejaa na chupa huja tupu.

Sasa nikuambie habari yenyewe. Mwezi uliopita tulipigwa na bahari chafu siku tatu mfululizo. Huko juu walitandika vitambaa vya majimaji mezani ili sahani zisiteleze, na wageni wakagawiwa matofaa mabichi na biskuti kavu za kutuliza tumbo. Huku chini hakuna aliyetugawia kitu. Mpishi anayetupikia sisi wafanyakazi alilala amekumbatia ndoo kama mtu na mchumba wake. Msimamizi akapita akiuliza kama kuna yeyote anayeweza kuchemsha chochote kinacholika, watu waendelee na kazi. Nikainua mkono. Mluzi aliniuliza kama nimerukwa na akili, akasema mtu wa kukwangua sahani akianza kuzijaza, meli itazama kwa upande wa pili.

Stoo kulikuwa na maboga. Dada, unajua nilichokifanya. Niliyachoma mazima bila kumenya, mpaka ganda likawa jeusi na kupasuka. Hapa moto wa wazi ni marufuku, kwa hiyo nilitumia oveni kali. Maganda sikuyatupa, niliyaloweka kwenye maji ya moto, na maji hayo ndiyo niliyopikia. Kitunguu nilikiacha kikauke kwanza bila mafuta. Chumvi nikaiweka mwisho, baada ya kufunika na kitambaa. Na kwa kuwa injini zinanguruma usiweze kusikia chungu, nilifanya kama wewe mvua inapopiga mabati: niliweka ncha moja ya mwiko ndani ya supu na nyingine nikaigusisha na mfupa wa sikio. Wewe husema supu mbichi hupiga kelele kama watoto, na iliyoiva hunong'ona kama watu wazima. Nilisubiri mpaka iliponong'ona.

Watu waliokuwa hawajala siku mbili walikula. Mluzi alikunywa mabakuli matatu, akasema ananiomba radhi mimi na maboga. Jioni yake mpishi mkuu akateremka mwenyewe, uso umempauka, akimtafuta mtu wa kumlaumu kwa kutumia maboga yake. Huyu tunamwita Mzee Mizani kwa sababu mfukoni mwa aproni hubeba mizani ndogo, na haamini chumvi ambayo hajaipima. Akapewa bakuli. Akalimaliza amesimama, akaomba la pili, akakaa.

Kesho yake akaniita jikoni kwake niipike tena mbele ya macho yake. Siku tatu tulisumbuana. Kila nikichota kitu kwa vidole alinikamata mkono kama mwizi sokoni, akakimwaga kwenye mizani yake, akaandika daftarini, ndipo akaniruhusu kutia. Akaniuliza boga linachomwa dakika ngapi, nikamwambia mpaka linuke. Akaniuliza linuke vipi, nikamwambia linuke kama limeungua lakini lisiwe limeungua. Akavua kofia akajifuta jasho. Siku ya tatu alikubali kuweka mwiko sikioni. Hebu mwone mtu mzima, kofia ndefu kama bomba la moshi, amefumba macho anasikiliza sufuria, na jiko zima limenyamaza kumngoja. Alipofumbua macho alisema amesikia. Hakusema alichosikia.

Supu ikaanza kupanda. Kwanza ghorofa ya tatu, kwa mabaharia. Kisha ya tano, kwa maofisa. Wiki iliyofuata ikafika ya tisa, ukumbi mkubwa wa wageni. Nami wakati huo bado nilikuwa kwenye mashine, kwa hiyo mabakuli yalinirudia mwenyewe. Yalirudi meupe, dada. Yamepanguswa kwa mkate mpaka kwenye ukingo. Nilisimama nikayatazama mpaka jamaa nyuma yangu akauliza kama nayaombea. Mzee Mizani akanitoa kwenye sahani akaniweka kwenye mboga, na akasema kama mambo yakienda vizuri, msimu ujao nitavaa koti jeupe na kusimama jikoni kama mpishi. Mgongo wangu ulisikia habari hiyo kabla yangu.

Sasa ninafika kwenye kilichonifanya nikuombe ukae.

Katika ukumbi wa ghorofa ya tisa kulikuwa na bibi mmoja, mzee, anasafiri peke yake, meza yake ni ya dirishani. Aliomba kumwona aliyepika. Nikavalishwa koti la kuazima, mikono yake mirefu kuliko yangu, nikapandishwa juu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Taa zinaning'inia kama mvua iliyokataa kuanguka, zulia linameza miguu, na madirisha ya kweli, dada, bahari yote imeingia ndani. Meza za jirani zikageuka kunitazama. Yule bibi akaniuliza kwa upole nani alinifundisha.

Nikasema hakuna. Nikasema nilijifundisha mwenyewe, kwa akili yangu.

Sikuteleza ulimi, nisikudanganye. Nilipata muda wa kutosha wa kusema neno dada. Lilikuja mpaka kooni, na pamoja nalo nikakiona kibanda, mabati mawili na ndoo, na wewe umejifunga kanga kiunoni, uso umejaa moshi, na mbele yangu lile zulia na zile taa. Nikaona aibu. Nikakukana. Watu wakapiga makofi.

Bibi hakupiga makofi. Alinishika mkono akanipa pole. Akasema basi utotoni sikuwa na mtu wa kunipikia.

Hapo ndipo nilipochomeka, na bado nimechomeka hivi ninavyoandika. Wewe uliacha shule ili mimi nile. Ulinipikia tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukiwa umesimama juu ya tofali ili uifikie sufuria, na mimi nikamruhusu mgeni anipe pole kwa kukosa mtu wa kunipikia. Nilipokea pole hiyo, dada. Nilisema asante.

Na si hilo tu. Nimeitoa siri yako. Mke wa kaka alipokuomba umwonyeshe, ulimwambia siri ya mtungi aijuaye ni kata, akanuna mwaka mzima nawe ukamwacha anune. Msaidizi wako ulimfukuza kwa mwiko kwa kuokota tu ganda lililoungua. Najua kwamba bila supu hiyo wateja wako wote wangevuka barabara hadi kibanda cha pili. Mimi nimeiandikisha kwenye daftari la mtu mwingine, gramu kwa gramu, bila kukuuliza, kwa sababu nilichoka kusimama kwenye maji ya sahani.

Siku mbili sikuweza kula. Ya tatu nilimfuata Mzee Mizani stoo, nikamwambia yote, hata habari ya aibu. Alinisikiliza huku akihesabu viazi. Akaniita mjinga, kisha mwizi, kisha mjinga tena. Akasema nusu ya wapishi wa dunia hii wamewaibia mama zao na dada zao, na hiyo haimfanyi yeye kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Akachukua ule ukurasa wa daftari, akaukunja, akanipa. Supu ameitoa kwenye orodha ya vyakula siku hiyohiyo. Wahudumu walinung'unika, wageni wakauliza, yeye akawajibu kwamba mwenyewe hajatoa ruhusa. Mimi nimebaki kwenye mboga. Hakunirudisha kwenye sahani, lakini la koti jeupe hatujalizungumza tena.

Ukurasa huo nimeuweka humu ndani ya bahasha. Ni nakala pekee. Mzee anasema kichwani mwake hana kitu kisichopimwa, kwa hiyo bila karatasi hawezi, na mimi namwamini.

Ninachokuomba, dada, kwanza ni msamaha, na huo sina haki ya kuuharakisha. Cha pili ni neno lako. Ukikubali, supu itarudi ghorofa ya tisa na kwenye kadi ya chakula wataandika kwamba ni ya dada wa mpishi, na mtu yeyote akiniuliza nani alinifundisha nitamwambia, tena kwa sauti. Ukikataa, choma karatasi hiyo chini ya chungu chako, nami nitaendelea kumenya karoti bila kinyongo. Mzee Mizani alitaka nikuulize pia unataka nini ukikubali. Nilimwambia akuandikie mwenyewe swali hilo, mimi bado naupenda uhai wangu. Kwa hiyo utapata na barua yake. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu.

Yule bibi alishuka kabla sijajua la kufanya, lakini niliomba karani wa mapokezi amfikishie karatasi. Niliandika mistari miwili. Kwamba nilikuwa na mtu wa kunipikia, na kwamba supu ni yake. Jibu limekuja jana kwenye kadi yenye ua. Ameandika kwamba alishajua, kwa sababu mtu aliyejifundisha peke yake hatazami sakafu anapojibu.

Na neno moja ili upumue. Kabla tu ya kufunika chungu, kila siku ulikuwa unatugeuzia mgongo na kutia kitu. Nilijaribu kuchungulia miaka yote na sikufanikiwa. Basi hiyo waliyoisifu huku si supu yako, imepungukiwa kitu, na nadhani ni mimi peke yangu melini ninayejua kwamba imepungukiwa. Sikuulizi ni nini. Nikija mwezi wa likizo, ugeuze mgongo kama kawaida, nami nitatazama barabarani.

Wabusu watoto. Shemeji mwambie shati alilonipa bado naishi nalo. Wewe pumzisha magoti, na kama una hasira, niandikie na hasira zako, mradi uniandikie.

Ni mimi mdogo wako, uliyemlisha,

Kitinda mimba wenu.