Rukia Aambiwe Kabla Sijafika

Uholanzi, Jumapili asubuhi

Dada Somoe, shikamoo.

Kifua kimepoa? Ijumaa kwenye simu ulikohoa mpaka shemeji akakupokonya simu, na wewe bado unang'ang'ania "sijambo, sijambo." Hujambo gani hiyo? Meza dawa. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauna raha, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza.

Unamkumbuka bibi ninayemtunza, Bibi Rebeka, yule Myahudi wa miaka themanini na minane? Jumanne nilimtia kiwewe, na kosa ni langu. Nilisahau ufunguo. Nikagonga mbele, nikapiga hodi mara tatu, kimya. Basi nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa uani, hodi zangu juu kama niko kwetu Mtanda. Lo! Chai mezani bado ya moto, mwenyewe hayupo. Nilimkuta chini ya ngazi, ndani ya kabati la ndoo na mafagio, amejikunja, kiganja mdomoni. Amejikojolea, dada. Mtu mzima yule, anayenigombeza nikikunja shuka vibaya.

Nilimwogesha, nikamkalisha, ndipo akanieleza huku analia. Alipokuwa na miaka mitano, Wanazi walikuwa wameiteka nchi hii, wakawa wanawakusanya Wayahudi, watoto kwa wazee, wakawaue. Mama yake akampeleka kwa mke wa mkulima mmoja, Mkristo, amfiche. Akapewa jina jingine, Ana. Akafundishwa sala zao. Akaambiwa: huyu ndiye mama yako, mtu akiuliza, huna mwingine. Na wale wasakaji walikuwa na mtindo wao, mmoja anagonga mbele, mwenzake anazunguka nyuma. Hapo mtoto anasukumwa kabatini chini ya ngazi, na asikohoe. Miaka mitatu hiyo. Na mimi nimemzungukia nyuma na hodi zangu!

Nikadhani analia kwa hofu ile. Kumbe sivyo.

"Kilichoniuma zaidi," aliniambia, "ni siku mama yangu aliporudi."

Mama alitoka hai kwenye kambi ya Wanazi, yeye peke yake katika ukoo mzima, akaja kumchukua mwanawe. Mifupa mitupu, nywele hazijaota. Aligonga mlango wa mbele. Mtoto akakimbilia kabatini, safari hii hakusukumwa na mtu. Walipomtoa akasema, "Huyu simjui. Mama yangu huyu hapa." Akachukuliwa analia, mke wa mkulima naye analia. Mama mzazi hakulia, alisimama tu. Aliishi miaka arobaini baada ya hapo, na Bibi Rebeka anasema hakuwahi hata siku moja kumwita mama kutoka moyoni. "Nilimheshimu. Nilimpikia. Nilimzika. Kumpenda nilichelewa."

Kisha akaniuliza, "Wewe una mtoto?"

Nikajibu sina, nina mtoto wa dada tu. Wallahi, dada, lilinitoka hivyo hivyo. Nilienda jikoni nikalia mpaka chai ikapoa.

Sasa nisikilize, na usinune. Rukia alipoacha ziwa, marehemu mama ndiye aliyemtoa kwangu akamweka mapajani mwako, kwa kuwa Mungu hajakujaalia wako, na mimi wakati huo nina miaka kumi na tisa, sina mbele wala nyuma. Ndivyo tunavyofanya kwetu, silalamiki. Umemlea kuliko ambavyo mimi ningeweza. Hata hilo la kuniita mama mdogo niliridhia mwenyewe, niliona rahisi. Lakini leo ana miaka tisa, kibali chake cha kuja huku kimetoka, na msimu wa korosho ndio nakuja kumchukua kama tulivyokubaliana. Ijumaa ulipompa simu, unajua aliniuliza nini? "Mama mdogo, kwani nimemkosea nini mama mpaka ananitoa?" Nikasingizia mtandao mbovu, nikakata.

Dada, sitaki nifike mlangoni kwako mtoto akaingie uvunguni. Mwambie. Mwambie sasa, bado ana miezi minne ya kunichukia mpaka achoke. Najua unaogopa atakutoka. Hatakutoka. Na aendelee kukuita mama mpaka uzeeni, sina wivu. Naam, mwongo mimi, wivu ninao, nitaumeza. Na akishajua ukweli wote akasema haji, basi haji. Nitageuza peke yangu. Nimelifikiria hilo siku tano hizi na bado linanikata maini, lakini sitamburuta mtu.

Kazi hiyo usimwachie shemeji, ataingiza utani wake. Ifanye wewe, mchana, mkiwa wawili, unamsuka nywele labda.

Msalimie shemeji. Msalimie mjomba wa Nyangamara, asiuze korosho zote kabla sijafika kuzitafuna. Shangazi wa Kilwa na goti lake, mwambie dawa ya kuchua nimenunua. Jirani Mama Kibibi pia, anayeniulizia kila siku.

Na Rukia msalimie. Ila safari hii usimwambie ni salamu za mama mdogo. Mwambie mama yake anamsalimu. Akilia, mkumbatie wewe, maana kwangu hatakubali.

Mdogo wako,
Zainabu