Moto Uliomchukua Anselmi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko milimani? Mimi ni mzima, ila mikono imeungua, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Padri akusomee mkiwa wawili tu, kabla Mama Mdogo hajaisikia.

Habari ya Anselmi mmekwisha kuipata kwa simu ya upepo ya misheni. Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana mtaambiwa mengine.

Tangu tupunguzwe kiwandani Morogoro, kazi yangu huku ilikuwa kutangulia mgodini kila asubuhi na taa ya kupimia gesi, kisha kupekua watu mlangoni wasiingie na kiberiti. Gesi ya makaa ya mawe haina harufu. Ikiwepo, mwali wa taa huvaa buluu juu yake. Zamani feni za kuingiza hewa hazikuzimwa, na kuta zilimwagiwa unga wa chokaa ili vumbi la makaa lisidake moto. Mgodi ulipouzwa, tajiri mpya akaiona chokaa ni hasara. Feni moja ilikufa, ikaachwa hivyo hivyo.

Jumanne niliiona buluu. Nikatoka mbio kumwambia msimamizi watu wasiingie. Akasema malori yanasubiri, na asiyetaka kazi geti liko wazi.

Anselmi akaniuliza, "Kaka, tuingie?"

Mama, nilitazama chini. Nikasogea pembeni, wakapita.

Haikupita saa moja ardhi ikatikisika. Tuliingia kuwatoa kwenye moshi. Wanne walikuwa wanapumua. Mdogo wangu hakuwa mmoja wao.

Jana watu wa tajiri waliniletea karatasi niweke sahihi kwamba Anselmi aliwasha sigara mle ndani. Mimi ndiye niliyempekua mlangoni. Mfukoni alikuwa na rozari tu. Nimekataa, wamenifukuza. Mkaguzi wa serikali nimemweleza yote, na la kwangu pia sikulificha.

Jeneza linakuja na gari hili hili. Dereva atakukabidhi barua mkononi. Mkaguzi amenitaka nibaki mpaka amalize kuuliza, kwa hiyo Mjomba asimamie mazishi. Msimruhusu Mama Mdogo alifungue.

Msalimie mke wangu akipanda kutoka Mwembesongo, na bibi aliyekuzaa, na dada anayelima kabichi kule juu.

Mama Mdogo usimpe salamu zangu. Mwambie nitakuja mwenyewe kumweleza kwamba nilijua gesi ipo, na mwanawe aliniuliza.

Mwanao,
Adriani