Mafuta ya Alhamisi

Baba Eliya,

Salamu zikufikie hapo ulipolala kando ya migomba. Mimi mkeo ni mzima, ila magoti. Eliya mwanao anakusalimu. Neema mjukuu wako anakusalimu, ameota meno ya chini na anamng'ata kila anayembeba. Dada yako wa Moshono anakusalimu. Hata yule ng'ombe wako mweusi ningesema anakusalimu, amezaa ndama jike. Na Drita naye anakusalimu. Huyo humjui. Ni mke wa Eliya, walikutana kazini Italia, kwao ni Albania. Walikuja tukiwa tumeshakuzika. Huyo ndiye amenifanya nishike kalamu.

Baba Eliya, huyu mtoto wa watu anakaanga. Kila Alhamisi jioni. Anakoroga unga wa ngano na hamira na mtindi, mzito wa kunata, si kama wa maandazi yetu. Hatii iliki, hatii sukari. Ukishaumuka analowesha vidole, anamega, anavuta katikati, anatupia kwenye mafuta. Vinatoka vya ajabu ajabu, kama masikio. Anaviita petula. Nikasema sawa, kila watu na chakula chao. Lakini mbona anafungua mlango na madirisha yote kabla ya kukaanga, na baridi hii ya Meru? Mbona sahani ya kwanza inakwenda kwa majirani, sisi wenye nyumba hatujaonja? Mama Upendo wa jirani alipopokea ya kwake alinivuta pembeni: "Shoga, mkweo anatugawia vitafunio au kafara?" Akacheka, ila hakula.

Cha kwangu niliwatupia kuku. Asubuhi nikakaa nao kama mlinzi. Wakapona, jogoo akaja kunikodolea macho anataka kingine.

Halafu nikamsikia. Midomo inacheza, anasema kikwao, na katikati ya maneno ikatoka Anaeli. Jina lako! Mtu hakukuona hata siku moja, anakuita juu ya mafuta ya moto! Nikamkataza asimpe Neema kitu chochote cha sufuria ile. Eliya akaja juu, sauti yako kabisa: "Mama, kama humwamini mke wangu, mwisho wa mwezi tunahamia mjini, Levolosi." Na mtoto wanaondoka naye. Mimi nibaki na nani?

Ndipo nikamuuliza Drita uso kwa uso, "Mume wangu unamwitia nini?" Kiswahili chake bado kinachechemea. Akasema, "Mama, baba anakula harufu." Ati kwao Alhamisi jioni marehemu wanapita nyumbani, na harufu ya mafuta ndiyo fungu lao. Wasipoisikia, wanaondoka wakijua wamesahauliwa. Majirani wanapewa ili waseme Mungu apokee. Alikuwa anamkaangia baba yake, aliyekufa yeye akiwa mbali. Akaona na wewe hapa huna wa kukukaangia, akakuongeza.

Sisi Walutheri hatulishi wafu, unajua. Na bado najiuliza, mbona hakusema mapema? Mbona ananitazama vile bila kupepesa? Lakini Baba Eliya... humu ndani watu walishaacha kukutaja. Eliya hakutaji. Mimi nami naogopa kulia mbele ya mtoto. Anayekutaja kwa sauti ni mgeni.

Basi Alhamisi hii nitakaa naye jikoni, nakuahidi. Nitamega moja kwa mkono wangu, na jina lako nitalitaja mimi, mkeo. Na jicho sitaliondoa kwake, hilo nalo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Ila kama harufu inakufika, niletee habari upesi, hata kwa ndoto, kabla hawajafunga mizigo. Na kama haikufiki, niambie mimi peke yangu. Drita usimwambie.

Ni mimi,
Mama Eliya