Kaa Ulilolikimbilia

Byamungu,

Sikusalimie. Ulikwenda pasipo kuniaga, basi na mimi salamu yangu nabaki nayo. Njo mimi koko wako, mama ya mama yako, niliyekubeba mugongoni tukikimbia kutoka Kivu. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, na maandishi yangu ulikuwa unayacheka. Cheka sasa tuone.

Juzi tulitoa matanga yako. Mimi nilikatala mingi. Pasta akakuja, mujomba wako Safari akakuja, bote wimbo moja: "Mama, moto wa kilio hauwezi kuwaka inje siku zote. Uzimwe, batu barudie mashamba." Nikabaambia, moto ni wangu, uwanja ni wangu, aliyekufa ni wangu, ninyi munatafuta nini hapa? Lakini kuni za hapa kambini Nakivale unazijua, ni haba. Nikachoka.

Na desturi yetu unaijua. Siku ya kutoa matanga, bitu byote bya marehemu binaoshwa, binapangwa ku mukeka, jamaa banagawana. Byako bilikuwa aibu. Mutu wa iniversite ya Mbarara, suruali zimetoboka! Koti, biatu bya ibada, na ile bomba yako. Darubini, sawa, jina lake nalijua. Mimi nitaiita bomba mpaka na mimi munizike.

Ile bomba njo ilikuua.

Ulinieleza kazi yake hapa ku mafiga, nikipika sombe ya majani ya muhogo. Nilikuuliza, batoto ba benzangu banasomea budaktari, wewe unasomea kitu gani? Ukasema: "Koko, mbali kule juu nyota kubwa inakufa. Inapasuka mara moja, inatupa miali ya gama, jicho ya mutu haiwezi kuiona. Setilaiti njo inaiona, inatutumia ujumbe ku telefone. Halafu sisi tunaharakisha na darubini kutafuta ule mwanga wenye unabakia nyuma, mbele haujazima." Ukachukua kijiti, ukafukua majivu yangu, ukanionyesha kaa. "Hili, koko. Moto wenyewe ulitupita. Tunatafuta kaa."

Nikakuuliza: na ukilipata, utalipikia nini?

Ukacheka mpaka sombe ikashika sufuria. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauliza kweli.

Ile siku telefone ikalia muchana, uko Mbarara. Ukataka giza likukute Endiinzi, ku kilima chenye hakina taa. Ukapanda boda, bomba umeikumbatia kifuani kama mutoto. Mbele ya kufika Kabingo, ng'ombe zikakata barabara zikirudia zizini. Mwenye boda alivunjika mukono. Bomba haikupata hata mukwaruzo, sababu hukuiachia. Mupumbavu wewe! Mikono Mungu alikupa ushike kichwa chako.

Na ile nyota, wewe mwenyewe ulisema, ilikufa zamani, mbele dunia haijakuwa. Kitu chenye kilikufa mbele ya dunia, kina haraka gani na mutoto wangu?

Basi nikaapa. Siku ya kutoa matanga, ile bomba nitaiponda na muchi wangu wa sombe, mbele ya batu bote.

Sasa sikia yenye ilifika. Muchi niko nao mukononi, naona musichana anaingia na ndizi ku kichwa. Atwine, yule munafunzi mwenzako wa Kamukuzi, yule ulisema utamuleta nimuone, nikasema Munyankore wa huku hajui kutwanga sombe. Akapiga magoti. Wale banajua magoti. Akaniita koko ku luga yake: "Kaaka, mimi nakuja kuomba darubini ya Byamungu. Ile mwanga ya siku ile, watu wa nchi zingine waliipata. Ilikuwa pale pale Byamungu alisema tuangalie. Sasa imezima kabisa."

Nikamuambia, wewe ulikuwa wapi barabara ikimumeza? Mwanga mulitaka, mukachukua mutoto. Sasa munataka bomba. Kesho mutarudia sufuria zangu? Akalia. Machozi ya mutu hayaninyamazishe, unanijua. Nikaendelea kumusema.

Nikasikia nyuma yangu, krrr, krrr. Shangazi yako Furaha, fasi ya kuoshea bitu, amefungua bomba, ametoa kile kioo cha chini, amechota majivu ya moto wa kilio, anasugua! Kama sufuria ya bugali! "Mama, kilijaa vumbi. Ngoja, kitang'aa."

Byamungu, nilikuwa na muchi. Mwenyewe nilikuja kuvunja. Furaha alikuwa ananisaidia tu. Lakini niliruka, na haya magoti yangu unayoyajua, nikamupa Furaha neno moja pasta akaangalia chini, nikanyang'anya kioo. Atwine akalia kuomba huruma, "Bambi, kaaka, bambi!" Tukachelewa upande moja. Kimechorwa pale kama kuku alikwaruza. Atwine akakigeuza, akakigeuza, akapangusa pua, akasema, "Kitaona, kaaka. Hapa kwa upande tu, kidogo kidogo haitaona."

Nikachungulia. Nikajiona. Nimezeeka, Byamungu. Hukuniambia.

Safari akatawanya kuni, akafukia moto, pasta akaomba, batu bakakula, bakaenda. Asubuhi nikatoka na ufagio nitupe majivu, ndivyo inatakiwa. Nikaingiza mukono. Chini kabisa kulikuwa joto. Nikafukua pole pole. Kaa moja, dogo kuliko punje ya haragi, jekundu.

Nikaacha ufagio. Nikakaa nalo mpaka likazima. Sikulipikia kitu.

Basi. Bomba sikuivunja, na sikuitoa pia. Atwine nilimuambia hivi: bomba inabaki uwanjani kwangu. Taa hapa unaziona, ni za kuhesabia vidole, giza tuko nalo la kutosha. Bakija kuitumia, bakuje na jua, balale kwangu, bakule sombe, bangoje ku mukeka kama batu benye akili. Telefone yako, Byamungu, naichajisha kwa yule Murundi mwenye sola. Ikilia na Atwine yuko Mbarara, akae Mbarara. Nyota zingine zitakufa. Hazijaisha. Akasema, "Ndio, kaaka." Wewe hukunijibu hivyo hata mara moja. Sasa anajifunza kutwanga. Anatwanga vibaya.

Nakuahidi: wakati niko na pumzi, ile bomba haitapanda boda tena, wala mutoto wa mutu kuikumbatia njiani. Hilo neno limetoka, sirudie.

Lala, mutoto wangu mwenye kichwa ngumu. Hasira yangu haijapoa. Ukiingiza mukono utaungua. Siku yangu ikifika nitakuja kwa miguu, pole pole, vile kila siku nilikufundisha. Ukiniona mbali, ngoja pale pale kwenye uko.

Usikimbie kunipokea.

Koko wako